Kazi za Hisani katika Milima ya Buha

Katika nchi ya Buha, yaani ile milima na mabonde yaliyo baina ya Ziwa Tanganyika na mpaka wa Burundi, ambako leo zimo wilaya za Kasulu na Kibondo pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka kwazo mwaka 2012, kijana aliyeambiwa akatafute kazi alifahamu kwa muda wa miaka mingi kwamba ameambiwa aondoke. Kazi ilikuwa mbali, upande wa mashariki, ambako reli inaishia. Kisha katika miaka ya 1990, bila ya mwenyeji kuiomba wala kuitarajia, kazi iligeuza njia ikapanda milima yenyewe, ikiwa ndani ya magari meupe ya mashirika ya misaada. Na kilichoileta hakikuwa biashara, wala kilimo, wala madini, bali msiba wa jirani. Mtu wa Kasulu alipata mshahara kwa kuwa mtu wa Makamba kule Burundi au wa Fizi kule Kongo amekosa makao. Sijui ajira nyingine katika nchi yetu iliyosimama juu ya msingi wa ajabu kama huo, na kwa sababu hiyo naona inafaa asili yake ielezwe kwa taratibu, tangu siku ambazo neno mkimbizi halijasikika bado katika soko la Kibondo.

Asili yenyewe ni kodi. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na Waingereza walipoirithi desturi hiyo kwa Wabelgiji, ambao waliishika nchi ya Kigoma tangu 1916 hadi walipoiachia mwezi Machi 1921, Waha hawakuwa na zao la kuuza lenye kuwapatia fedha za kutosha. Walikuwa na ng'ombe, lakini ng'ombe katika falme za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo alikuwa fungamano la heshima baina ya bwana na mtu wake kabla ya kuwa bidhaa. Walikuwa na mtama, ulezi na maharagwe, ambayo hayakuwa na mnunuzi wa karibu. Na upande wa kusini ilikuwapo chumvi ya Uvinza, ambayo tangu zamani iliwavuta watu wa pande nyingi kwenda kuichemsha na kuibadilisha kwa vitu vingine. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 wengi walidhani italeta biashara. Naam, iliileta, ila bidhaa kubwa iliyoshuka kutoka Buha kwenda kuipanda ilikuwa nguvu za wanaume. Fauka ya hayo, katika miaka ya 1930 serikali ilipambana na maradhi ya malale kwa kuwahamisha watu kutoka katika pori la mbung'o na kuwakusanya mahali pamoja, na mtu aliyekwisha kung'olewa mara moja si vigumu kung'oka mara ya pili.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda idara yao ya kuwaandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Buha ikawa miongoni mwa nchi zilizotegemewa sana na idara hiyo. Mtu alifika kituoni, akapimwa afya, akaandikwa, akapakiwa katika lori na kisha katika gari moshi, akaenda kukata mkonge Morogoro au Tanga kwa mkataba wa muda maalumu. Hao ndio manamba. Hakuna aliyewauliza cheti, wala aliyetaka kujua wanapenda nini au wana maarifa gani. Kilichotazamwa ni kifua na mikono. Nathubutu kusema kwamba hapajapata kuwapo usaili mwepesi kuliko huo, wala uliomficha msailiwa mambo mengi zaidi. Wengine walirudi na nguo na baiskeli. Wengine hawakurudi, na mpaka leo katika mashamba ya Korogwe na Muheza wamo wajukuu wa Waha ambao habari za Kasulu wanazisikia kwa wazee tu. Bei ya mkonge ilipoanguka katikati ya miaka ya 1960, na serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, njia hiyo ilifungika taratibu, lakini fikira iliyoachwa nyuma, kwamba kazi ni jambo la kuchukuliwa na mtu mwingine na kupelekwa, ilidumu kuliko mkonge wenyewe.

Wakati huo huo palikuwa na mlango mwingine, mdogo zaidi, ambao nauhesabu kuwa chanzo cha kweli cha ajira ya hisani katika milima hii, nao ni mlango wa misheni. Wakatoliki walikuwa Kabanga, karibu na Kasulu, na hospitali yao ingaliko. Waadventista walikuwa na hospitali Heri, katika sehemu ambayo leo ni Buhigwe. Na Waanglikana walikuwa na kazi pana kiasi kwamba mwaka 1966 dayosisi yao ya Tanganyika ya Magharibi iliwekewa makao yake Kasulu. Hospitali yataka wauguzi, wafuaji, wapishi, waashi na mlinzi wa usiku. Shule yataka walimu. Kanisa lataka makatekista. Aliyetaka kazi hizo hakusimama kituoni akapimwa kifua. Alikwenda na barua, na barua hiyo ilikuwa ya padre au ya mchungaji, ikishuhudia kwamba mchukuzi wake ni mtu wa fulani, ameoa ndoa halali, hanywi pombe ya kupita kiasi, na anajua kusoma. Kazi ya mkonge ilitaka mwili. Kazi ya misheni ilitaka sifa. Ilikuwa na uadilifu wake na dhuluma yake pia, kwa maana mwenye sifa njema asiyejulikana na padre alikuwa sawa na asiye na sifa. Waajiri wa siku hizi wanapotaka majina ya wadhamini watatu chini ya barua ya maombi wanafuata, labda pasipo kujua, nyayo za wale mapadre.

Baada ya Uhuru palizaliwa vyombo ambavyo vingekuja kuwa na sauti kubwa katika habari hii. Msalaba Mwekundu wa Tanganyika uliundwa kwa sheria ya mwaka 1962. Mwaka 1964 makanisa ya Kilutheri ya ulimwengu yalianzisha shirika la kuwahudumia wakimbizi, ambalo watu wengi wanalijua kwa herufi zake TCRS, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa Watutsi waliotoka Rwanda. Mwaka 1972, yalipotokea mauaji makubwa Burundi, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Buha. Lakini serikali haikuwaacha hapo. Iliwahamisha mbali na mpaka, ikawapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na makazi hayo yakajengwa kwa mapatano ya watu watatu: serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS. Kwa ukarimu huo Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983. Kwa mintarafu ya ajira, hata hivyo, kazi za kupima mashamba, kuchimba visima na kujenga zahanati zilikuwa Tabora na Mpanda, na Kasulu haikupata ila wapita njia. Katika miaka hiyo kijana wa Buha aliyesoma alitumainia serikali, ambayo ilimpangia kazi kwa barua na kumpeleka itakako, asiyesoma alilima. Shirika la hisani halikuwa katika hesabu za mtu.

Hesabu zilibadilika mwezi Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi. Warundi waliingia Kibondo na Kasulu kwa miguu, wakiwa na mikeka na watoto migongoni. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24, na ulimwengu wote ukageuza macho kutazama pembe hii ya Tanzania ambayo hata Dar es Salaam ilikuwa haiitazami sana. Mwishoni mwa 1996 vita vya Zaire viliwavusha ziwa watu wa Kivu ya Kusini, na mwezi Novemba kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Hivyo katika miaka michache upande wa Kibondo ulikuwa na Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Mkugwa na hatimaye Karago. Upande wa Kasulu ulikuwa na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Na ilipofika mwaka 2000 Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 600,000, wengi wao wakiwa katika mikoa ya magharibi.

Kambi ni mji uliojengwa kwa haraka na watu wasiokusudia kukaa. Yahitaji maji, na maji yahitaji mafundi wa pampu na mabomba. Yahitaji chakula, na chakula chahitaji ghala, karani wa ghala, makuli wa kushusha magunia, na madereva. Yahitaji hospitali, na mtu wa kuandika waliozaliwa na waliokufa. Umoja wa Mataifa ulifungua ofisi katika miji ambayo nyumba yenye sakafu ya saruji ilikuwa jambo la kutajwa. Msalaba Mwekundu ulishika hospitali za kambi kadhaa, TCRS ikaja na maji, World Vision na Africare zikawa Kasulu, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji ikawa Kibondo, na mengine mengi yakaja, mengine kwa miezi tu. Wenye nyumba walihamia uani ili wapangishe mbele. Mama lishe waliongeza masufuria. Mtu aliyekuwa na leseni ya udereva, ambayo mpaka juzi ilikuwa karatasi ya kumbukumbu, akajikuta anatafutwa nyumbani kwake.

Namna ya kuitafuta kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake, ambazo zilijengeka upesi zikawa kama mila. Tangazo lilibandikwa ubaoni, katika lango la shirika, au ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au posta, nalo liliandikwa kwa Kiingereza hata kama kazi yenyewe ilikuwa kulinda geti. Watu walikusanyika, mmoja aliyesoma aliwasomea wengine na kuwafasiria. Kisha ilitafutwa bahasha ya kaki, ikatiwa barua ya maombi, wasifu, vivuli vya vyeti vilivyothibitishwa kwa muhuri, na barua ya mtendaji wa kata yenye kusema kwamba huyu ni mkazi na hana rekodi mbaya. Mpiga chapa mwenye mashine yake barazani alilipwa kwa ukurasa, na aliyejua Kiingereza kizuri alilipwa zaidi, kwa kuwa aliandika na kutunga pia. Barua nyingi zilizopokewa siku hizo bila shaka zilitoka katika mkono mmoja, zikiwa na sifa zile zile za uaminifu na bidii kwa kila mwombaji. Bahasha ilikabidhiwa mlinzi wa geti, ambaye kwa ajili hiyo alipata cheo kisichoandikwa katika mkataba wake, akasalimiwa kwa taadhima na watu waliomzidi umri. Baada ya hapo ilikuwa kungoja, na kulisoma mara kwa mara lile fungu la mwisho la tangazo, kwamba watakaofaulu tu ndio watakaojulishwa.

Hapa pana jambo ambalo naona halijapewa haki yake. Buha ilikuwa nyuma katika elimu. Shule zilikuwa chache kwa muda mrefu, na mashindano ya vyeti yalipofunguliwa, vyeti vilitoka Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na Dar es Salaam. Wenyeji walinung'unika kwamba kazi za maana zimechukuliwa na watu wa kuja, nao wameachiwa ulinzi, upishi na upakuzi wa magunia, na manung'uniko hayo hayakuwa ya uongo. Lakini walikuwa na mtaji mmoja ambao hakuna chuo kilichokuwa kikiuuza. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu hata mama wa Kasulu na mama wa Ruyigi hawahitaji mtu wa tatu ili waelewane. Daktari aliyetoka Ulaya, au muuguzi aliyetoka Moshi, hakuweza kumuuliza mgonjwa wa Mtabila palipo na maumivu mpaka amwite Muha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakaingia katika vyumba vya matabibu na katika vikao vya wazee wa kambi, wakiwa wakalimani. Kazi ya mkalimani haikuwa na heshima kubwa katika daftari la mishahara, ila ilimfunza mengi aliyeishika: alisikia siri za wagonjwa, akajua shirika linavyopanga na linavyokosea, akaokota Kiingereza neno kwa neno. Wengi waliopanda baadaye wakawa wahamasishaji wa afya, wasimamizi wa ghala, hata maafisa wa miradi, walianzia hapo. Nyarugusu ilikuwa na hali nyingine, kwa sababu Wakongo wa Fizi na Uvira walikuja na Kiswahili chao, na kati ya Kiswahili chao na chetu palihitajika subira kuliko mkalimani.

Walimu hawakuwa na bahati hiyo. Kasulu ina chuo cha ualimu, na mtu angedhani kwamba kambi zenye watoto makumi ya maelfu zingekuwa neema kwa waliohitimu. Lakini watoto walifundishwa kwa mitaala ya nchi zao, ili siku ya kurejea wasiwe wageni katika madarasa ya nyumbani, na kwa hiyo walimu walitolewa miongoni mwa wakimbizi. Hao, pamoja na wakunga, wauguzi wasaidizi na wagawa chakula waliotoka kambini, hawakulipwa mshahara. Walipewa kinachoitwa motisha, kiasi kidogo cha fedha kwa mwezi, hata kama Burundi mtu alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae katika maeneo waliyopangiwa, na baadaye kutoka zaidi ya kilomita nne bila kibali ikawa kosa. Mtu asiyeweza kuondoka hawezi kushindania ujira. Katika zahanati moja waliweza kukaa meza moja Mtanzania mwenye mkataba na Mrundi mwenye motisha, wakifanya kazi ile ile kwa saa zile zile. Sikusudii kumlaumu mmoja wao. Nasema tu kwamba neno hisani lilipata shida kusimama wima katika chumba kile.

Upande wa serikali nao ulidhurika kwa namna ambayo haikukusudiwa. Muuguzi wa hospitali ya wilaya aliyekuwa akingoja mshahara mdogo alisikia kwamba shirika linalipa mara kadhaa zaidi, na kwa kutembea saa chache angeweza kuwa kule. Mganga, fundi wa maji, mhasibu wa halmashauri, kila mmoja aliyetamaniwa alishawishiwa. Kwa hakika mkimbizi wa Mtendeli aliweza kutibiwa vizuri kuliko mwanakijiji aliyempisha shamba lake, na mashirika yenyewe yalikiri jambo hilo baadaye kwa kuanza kusaidia zahanati na visima vya vijiji vya jirani.

Pamoja na waliotafuta mshahara walikuwapo waliotafuta mazoezi. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam, kile cha Maendeleo ya Jamii cha Tengeru, na vyuo vikuu vilipoongezeka, vyote humtaka mwanafunzi afanye mafunzo kwa vitendo, ambayo vijana huyaita fildi, na hakuna mahali palipokuwa na mafunzo mengi ya ustawi wa watu kuliko kambi. Ila fildi ya kambini ilikuwa na milango miwili. Mlango wa shirika ulifunguliwa kwa barua ya chuo. Mlango wa kambi ulifunguliwa kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa sababu kambi ni eneo la sheria na mkuu wake ni mtu wa serikali. Mwanafunzi asiyejua jambo hili alifika Kasulu na barua moja, akapanga chumba, akangoja kibali mpaka muda wa fildi unakaribia kwisha. Waliojua waliomba miezi kabla. Na aliyemaliza fildi yake vizuri aghalabu alirudi kama mtu wa kujitolea, akipewa nauli na chakula, akitumaini kwamba siku nafasi itakapotokea jina lake litakuwa linajulikana. Mara nyingine lilijulikana. Mara nyingine mtu alijitolea mpaka kambi ikafungwa.

Maana kambi hufungwa. Mapatano ya amani ya Burundi yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na tangu 2002 Warundi walianza kurejeshwa kwao kwa misafara. Hakuna mwenye akili asiyefurahi mtu kurudi kwao. Hata hivyo kila msafara uliovuka mpaka ulipunguza idadi, na idadi ndiyo iliyopima chakula, na chakula kikapima maghala, na maghala yakapima makarani. Mikataba iliyokuwa ya mwaka ikawa ya miezi sita, kisha mitatu. Karago, Kanembwa, Nduta na Mtendeli zilifungwa moja baada ya moja. Mtabila, iliyokuwa ya mwisho kwa Warundi, ilifungwa Desemba 2012, na mahali pake leo pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Katika miaka ile nyumba za Kibondo zilikosa wapangaji, na waliozoea kulipwa kwa mwezi walirudi kwenye mihogo na maharagwe, wakiwa na vyeti vya semina nyingi. Wenye busara walikuwa wamejenga na kusomesha. Mkonge ulipoanguka Waha walirudi nyumbani. Kambi zilipofungwa walikuwa nyumbani tayari, na hawakuwa na pa kurudi.

Kisha ikaja 2015. Mwezi Aprili mwaka huo Pierre Nkurunziza alitangazwa kugombea urais kwa mara ya tatu, Burundi ikachafuka, na watu makumi ya maelfu wakajikusanya Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na ziwa, ambacho njia yake ya maana ni maji. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliiunda kabla ya vita vya kwanza vya dunia, ilifanya safari mfululizo kuwachukua hadi Kigoma, wakakaa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wakapelekwa Nyarugusu. Kipindupindu kilizuka mwezi Mei. Katika siku zile hapakuwa na muda wa tangazo wala usaili: Msalaba Mwekundu uliita watu wake wa kujitolea, na waliokuja wakapimwa kwa kazi yenyewe, kuchanganya dawa ya maji, kubeba wagonjwa, kuandika majina usiku kucha. Wengi wao walikuwa wameachwa na mikataba ya 2012. Nyarugusu ikazidi watu 150,000. Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016. Waajiri waliporudi waliwakuta watu wenye uzoefu wa miaka kumi, jambo ambalo mwaka 1993 halikuwapo, na naamini hii ndiyo sababu iliyofanya safari hii Waha waonekane katika vyeo vya kati kuliko zamani.

Furaha hiyo haikudumu. Januari 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwashughulikia wakimbizi kwa upana, na fedha za wahisani zikasinyaa. Mtendeli ilifungwa kwa mara ya pili Desemba 2021, na watu wake wakahamishiwa Nduta. Januari 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa misaada ya aina hii ulimwenguni, ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili iichunguze, na mtetemeko wake ulisikika katika ofisi ambazo wenyeji wake hawajapata kuiona Washington hata kwa picha. Siku hizi kutafuta kazi hizi kumebadilika kwa jambo jingine ambalo watu hulisifu pasipo kulipima. Tangazo halibandikwi tena getini peke yake. Linatokea katika simu, na linatokea saa ile ile Kasulu, Mwanza na Dar es Salaam. Barua hutumwa kwa intaneti, na mlinzi wa geti amerudi kuwa mlinzi. Ni haki zaidi kwa nchi nzima, sikatai. Lakini ubao wa zamani, pamoja na Kiingereza chake, ulikuwa na upendeleo mmoja wa siri kwa mwenyeji: ili uusome ilibidi uwe Kasulu. Upendeleo huo umekwisha, na hakuna aliyeutia katika mizani.

Wapo waliochukua njia ya tatu. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 ilifungua daftari maalumu la kuyaandikisha, mahali pa zile sheria za vyama na wadhamini za miaka ya 1950 ambazo zilikuwa zikitumika kabla yake, na miongoni mwa waliofanya kazi kambini wakatokea waliojiandikisha wenyewe: mkalimani wa zamani, mhamasishaji wa afya, fundi wa visima. Mashirika yao hayashughuliki na wakimbizi peke yao. Yanashughulika na mikopo ya vikundi vya wanawake, upandaji wa miti katika vilima vilivyokatwa kuni za kambi, na watoto wasiokwenda shule. Ofisi ni chumba kimoja au viwili, fedha hupatikana kwa mradi na huisha pamoja na mradi, na mwenye shirika ndiye anayeandika maombi kwa wahisani usiku, kwa Kiingereza alichookota kambini. Msimu wa fildi unapofika wanafunzi huwajia. Hawana posho ya kuwapa wala gari la kuwapeleka vijijini, ila wana jambo ambalo mashirika makubwa hayakuwa nalo, kwamba mwanafunzi huachiwa kazi yote: kuhesabu kaya, kuitisha mkutano, kuandika ripoti, na kusimama mbele ya wazee wa kijiji kueleza fedha zimekwenda wapi. Swali la kwanza wanalomuuliza mwombaji ni kama anajua Kiha, na la pili ni kama anaweza kuendesha pikipiki.